Tansio ya macho: tudai kipimo, si lineti tu

Mwenzetu mmoja wa sendika, mtu wa miaka 47, alichimba dhahabu upande wa Misisi karibu miaka kumi na tano. Leo anaketi mlangoni kwa nyumba yake hapa Kimanga, na mtoto wake wa mwisho ndiye anamshika mkono kumpeleka chooni. Hakuangukiwa na jiwe. Hakuna baruti iliyomripukia. Macho yake yalikwenda polepole, bila maumivu, na sisi wote tulikuwa pale tunamwangalia bila kujua tunachoangalia.

Ishara zilikuwako. Mu shimo alikuwa anagonga bega kwa miti ya kushikilia udongo, kila mara upande uleule wa kushoto. Nyumbani alikanyaga sahani ya watoto mara mbili, mara tatu, watu wakacheka. Siku moja barabarani pikipiki ilitoka kushoto ikakaribia kumbeba, akakasirika akasema haikupiga honi. Honi ilipigwa, sisi tuliisikia. Tulimuuliza: “Yaya, uko unaona muzuri?” Akajibu: “Naona muzuri kabisa, hata sindano naingiza uzi.” Na ilikuwa kweli, uzi aliuingiza mbele yetu.

Pale ndipo ugonjwa huu unatudanganya. Unaanza kula pembeni ya macho na kuacha katikati. Mtu anasoma vizuri, anahesabu franka zake vizuri, anapima dhahabu kwenye mizani vizuri, kumbe pembeni kumekwisha kuwa giza. Na jicho moja linamfichia mwenzake. Siku katikati inaguswa, kazi ya kuharibu imekwisha kufanyika.

Tulimvusha kwa mpaka wa Kavimvira tukampeleka Bujumbura, kwa kuwa ndiyo njia ya karibu. Munganga wa macho alipima, akaangalia ndani kwa taa yake, akanyamaza kidogo. Kisha akasema ni glokoma, ile watu wetu wanaita tansio ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kuume lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la bomba. Akauliza: “Alikuwa anaweka dawa gani mu macho?” Mke wake akafungua kitambaa akatoa kichupa. Yalikuwa matone ya deksametazone. Alikuwa akiyanunua njiani, bila ordonansi, miaka na miaka, juu ya vumbi na kuwashwa.

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama zetu mnaotwanga mawe, ni juu ya kichupa kile tumeshika kalamu. Wengi wetu tuko nacho nyumbani.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, kwa namna mchimbaji anaweza kulishika. Kila mmoja wetu anajua shimo linaloingia maji. Maji yakiingia na motopompe ikitoa kiasi kilekile, mnafanya kazi. Mufereji wa kutolea ukizibika, maji yanapanda, na ukuta ulio dhaifu ndio unavunjika wa kwanza. Jicho ni hivyo. Ndani yake kunatengenezwa maji safi kila wakati, usiku na mchana (si machozi, hayo ni mengine), nayo yanatokea kwa kichujio kidogo kilicho pembeni ya mboni. Kichujio kikizibika, nguvu ya maji inapanda. Na mahali padhaifu pa jicho ni nyuma, pale mshipa wa kuona unapotoka kwenda kwenye ubongo.

Mshipa huo si mshipa wa damu. Ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi ndogo zaidi ya milioni moja, na kila uzi unabeba kipande chake cha picha. Nguvu ya maji ikizidi, nyuzi zinakufa, leo hizi, mwaka kesho zingine. Uzi uliokufa haurudi. Hakuna upasuaji, hakuna lineti, hakuna mashine ya Bukavu wala ya Ulaya inayoufufua. Kataraki, yaani mtoto wa jicho, inatolewa na mtu anaona tena. Kwa hiyo watu wanafikiri ugonjwa wote wa macho unaweza kungoja mpaka pesa ipatikane. Glokoma haingoji. Ndiyo ya kwanza ulimwenguni kati ya magonjwa yanayoleta upofu usioweza kurudishwa, na sisi watu weusi inatushika mapema na kwa ukali kuliko Wazungu. Ng’ambo ya ziwa, Tanzania, wilaya ya Kongwa, waganga walipima watu zaidi ya 3,000 wenye miaka 40 na kuendelea. Matokeo yalitoka mwaka 2000: karibu watu 4 kwa kila 100 walikuwa na glokoma. Kila mtu ahesabu mwenyewe wachimbaji wa miaka hiyo anaowajua.

Sasa, tangu habari ya mwenzetu ilipoenea, kila mtu anatuuliza: iko dawa gani ya kulinda mshipa? Na wauzaji wamesikia swali hilo kabla yetu. Kuna vidonge vinapita sokoni vyenye picha ya jicho juu ya boksi, vinaitwa vitamini ya macho, vitamini ya mishipa, na bei yake inatosha kulisha nyumba juma zima. Hatusemi vyote ni sumu. Tunasema havifanyi kazi ambayo vinauziwa.

Wenye elimu wametafuta dawa hiyo kwa bidii kabisa. Kuna dawa moja inaitwa memantine, inatumiwa kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu, waliyofikiri italinda nyuzi za mshipa hata bila kugusa tansio. Waliijaribu kwa wagonjwa wa glokoma zaidi ya 2,000, kwa miaka minne. Matokeo yalitangazwa 2018: haikusaidia. Sasa wanajaribu vitamini B3 kwa kipimo kikubwa, na majaribio yanaendelea. Basi mtu asiende kumeza B3 kwa mkono mzima akisema ameisoma mu gazeti, kwani kipimo kikubwa kinaweza kuumiza maini.

Kitu kilichohakikishwa mpaka leo ni kimoja: kushusha nguvu ya maji ndani ya jicho, na kuishikilia pale chini. Uingereza walichukua wagonjwa 516, nusu wakapewa matone ya latanoprosti kila jioni, nusu wakapewa matone yasiyo na dawa. Matokeo ya 2015 yanaonyesha kwamba baada ya miaka miwili, kati ya wale wasio na dawa, 26 hivi kwa kila 100 walikuwa wamezidi kupoteza sehemu ya kuona. Kwa wenye dawa walikuwa 15. Dawa haikurudisha kilichopotea. Ilipunguza kupotea kwa kilichobaki. Mchimbaji anaelewa maneno haya: hauchimbi tena pale palipoanguka, unatega miti pale pangali pamesimama.

Turudi kwa kichupa. Deksametazone na ndugu zake ni dawa za kweli. Munganga akikuandikia kwa siku chache baada ya operesheni, tumia. Lakini zinatuliza wekundu na muwasho haraka sana, ndiyo maana tunazipenda, na zikitumika majuma na miezi zinaweza kuziba kile kichujio tulichosema. Si kwa kila mtu. Ila kwa wale inaowashika, tansio inapanda kimyakimya, huku jicho linaonekana jeupe na zuri. Mwenzetu alikuwa anasifu dawa hiyo, aliwagawia wengine mu shimo. Baadhi ya waliogawiwa ni sisi tunaoandika hapa, tusijifanye wajanja.

Aliyemuuzia alikuwa anajua hataki ordonansi, na hakumuuliza hata siku moja kwa nini anarudi. Hatutamtaja, na wala si yeye peke yake. Tunachosema ni kwamba jicho lenye vumbi linaoshwa kwa maji safi mengi, na kama halitulii linapelekwa ku hospitali. Angalia pia karatasi ya kichupa: ukiona deksametazone, betametazone, prednizolone au hidrokortizone, hiyo si dawa ya vumbi. Majani ya kukamua mu jicho, tunayajua pia, bibi zetu walikuwa nayo. Yanaunguza kioo cha jicho, na kidonda kile nacho kinaleta upofu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa migodini kuliko watu wa biro. Matone ya glokoma yanayopatikana kwa bei nafuu zaidi, mara nyingi ni timololi. Ni dawa nzuri. Lakini haibaki yote mu jicho. Inateremka kwa tundu la machozi mpaka puani, inaingia mu damu, na huko inaweza kubana kifua na kupunguza mapigo ya moyo. Mtu mwenye pumu, au mwenye kifua kilichokwisha kuharibiwa na vumbi la mawe, anaweza kukosa pumzi. Sisi tuna wangapi wanaokohoa kila asubuhi? Munganga wa macho anaona macho, haoni miaka yako kumi chini ya ardhi. Umwambie: “Mimi ni muchimbaji, kifua kinanibana.” Iko dawa zingine. Na hata ukiruhusiwa timololi, ukishatona, funga macho na ubonyeze kwa kidole pembeni karibu na pua, dakika mbili. Ukiwa na matone ya aina mbili, ngoja dakika tano katikati, ya pili isiifue ya kwanza. Chupa ya latanoprosti isiyofunguliwa inataka baridi, na joto la Uvira tunalijua. Usinunue ile iliyoanikwa juani pamoja na sabuni.

Taabu kubwa, tuseme ukweli, si kutona. Ni kutona kila siku maisha yote kwa ugonjwa ambao hauumi. Chupa inaisha mwezi ukiisha. Mwezi wa kwanza unanunua, wa pili unanunua, wa tatu mtoto anafukuzwa shuleni juu ya minerval, chupa inangoja. Na kwa kuwa haukuona tofauti ulipoitumia, hauoni tofauti ulipoiacha. Mshipa ndio unaona.

Kwa hiyo habari iliyotoka Moshi, Tanzania, ilitufurahisha sana. Kwenye hospitali ya KCMC walichukua wagonjwa 201 wa glokoma, watu wa maisha kama yetu, wengine wakapewa timololi, wengine wakapigwa laseri kwenye kichujio cha jicho. Laseri hiyo ni mwanga tu, dakika chache, hakuna kukata, mtu anarudi nyumbani siku ileile. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifaulu kwa macho 61 kwa kila 100 ya waliopigwa laseri, na 31 tu kwa kila 100 ya waliotumia timololi. Laseri nayo inaweza kuisha nguvu, inabidi kurudi kupimwa na pengine kuirudia, na si kila jicho linafaa. Lakini mwone maana yake kwa mtu anayeishi karibu na shimo, mbali na farmasi, mwenye franka leo na kesho hana. Mashine moja, kwa mkono uliofundishwa, inaweza kuhudumia wagonjwa wengi, na hakuna anayehitaji kukumbuka chupa.

Iko pia operesheni ya kufungulia maji njia mpya. Kwa wengine ndiyo inayobaki, na inafaa. Ila aliyeifanyiwa awe na akili na maji ya matope, kwani mlango ule mdogo unaweza kupitisha uchafu hata miaka baadaye. Kurudi mu shimo la maji baada yake ni jambo la kuzungumza na munganga kabla, si la kumficha.

Tufike kwa yale yanayohusu sendika.

Kompani zinapoandika mtu kazi, kunafanyika vizite medikale. Kwa macho, wanakusimamisha mbali na karatasi ya herufi. Ukisoma mistari, wanaweka muhuri. Mwenzetu angesoma mistari yote, mpaka mwaka mmoja tu kabla ya kushikwa mkono. Herufi zinapima katikati ya jicho, glokoma inakula pembeni. Vizite ya namna hiyo haimlindi mfanyakazi. Na ikikuta haoni mbali, inamwandikia lineti, basi, kazi imekwisha.

Sisi tunadai vitu viwili viongezwe kila mwaka kwa kila mfanyakazi aliyefika miaka 40: kupima tansio ya jicho, na kuangalia kichwa cha mshipa kule nyuma kwa taa ya munganga. Vyote viwili, si kimoja. Watu wanasema tansio ya kawaida iko kati ya 10 na 21, lakini kuna wenye 18 ambao mshipa unakufa, na wenye 24 ambao uko salama. Bila kuangalia mshipa wenyewe, namba peke yake inaweza kudanganya. Mtu ambaye baba yake, mama yake, kaka au dada yake ana glokoma, asingoje miaka 40, kwani hatari kwake ni mara kadhaa kuliko kwa wengine. Na yeyote aliyepigwa na jiwe kwenye jicho, hata kama alipona, apimwe kila mwaka: pigo la leo linaweza kupandisha tansio baada ya miaka kumi. Hapa tunawafikiria hasa mama twangaise, ambao vipande vinawarukia usoni kutwa nzima na hakuna aliyewahi kuwapa hata kioo cha kujikinga.

Wakubwa watasema vifaa ni ghali. Kuna kifaa cha chuma cha kupimia tansio kinachobebwa mu mfuko, kinaitwa Schiøtz kwa jina la munganga wa Norvegi aliyekibuni mwaka 1905. Hakitaki umeme, hakitaki betri. Kinataka tone la kutia ganzi na mfirmiye aliyefundishwa. Si kifaa bora kuliko vyote, ila kitawakuta wengi ambao leo hakuna anayewakuta.

Watasema pia pesa haiko. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri amtunze mfanyakazi anapougua, pamoja na familia yake. Glokoma haikutolewa humo. Na kodi ya migodi iliyosahihishwa tarehe 9 Machi 2018 inataka kompani iweke angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na 15 kwa mia ya ushuru wa madini iende kwa sekta na shefferi ambako madini yanatolewa. Tumeona majengo yakifunguliwa kwa ngoma kwa pesa hizo, tumekula na soda. Laseri moja kwa Kivu ya kusini haijawahi kuwekwa mezani. Tunataka iwekwe.

Kwa wachimbaji wa mikono ni vigumu zaidi, kwani hawana mwajiri wa kumshitaki. Kuna PDG wa shimo, kuna koperative, na kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Tunasema koperative inayokata kitu kwa kila mfuko iweze kuleta munganga wa macho kwenye machimbo mara moja kwa mwaka. Na sisi wenyewe tujiulize. Mtu akifa, jioni ileile tumekwisha kuchanga jeneza, mchele na basi. Mtu akihitaji chupa ya kila mwezi, tunamwambia avumilie. Tangu mwezi uliopita kundi letu la Kimanga limefungua sanduku dogo la matone. Wako wagonjwa wanne ndani yake. Wengine wanasema sendika imegeuka farmasi, kuna vita, kuna mishahara isiyolipwa, macho yatangoja. Tumewasikia. Mishahara tutaendelea kuidai, lakini asiyeona hata akilipwa atahesabiwa pesa na mwingine.

Kwa nyumbani, kuna jaribio moja ambalo mfirmiye alitufundisha. Ketini wawili uso kwa uso, kila mmoja afunike jicho moja, lile linalotazamana na lililofunikwa la mwenzake, mutazamane puani, kisha mmoja alete kidole kutoka pembeni. Kama mwenzako anakiona na weye haukioni, nenda ku hospitali juma hilohilo. Lakini ukikiona usijisifu: jaribio hili linamshika aliyekwisha kupoteza mengi tu.

Mwenzetu sasa anatona jioni, saa mbili, mke wake anashika chupa. Kile kitundu cha jicho la kuume hakijazidi kufungika kwa miezi minane, na anasema anaona bado uso wa mtu akikaa mbele yake kabisa. Tulimlazimisha awatume watoto wake wakubwa na mdogo wake kupimwa. Wawili wako salama. Mdogo wake, miaka 39, mchimbaji vilevile, alikutwa na 27 kwa jicho moja na 25 kwa lingine, na mshipa umeanza kuliwa kidogo upande mmoja. Alibisha sana, akasema haumwi kitu, ana kazi Lulimba. Alianza matone siku ya nne, na chupa ya kwanza imelipwa na sanduku.